Siwajibu

Karani hakuinua macho.
"Jina?"
Siwajibu.
"Mama, nimekuuliza jina."
Ndilo hilo, nikasema, Siwajibu,
na foleni nzima ikacheka,
wanaume waliokalia magunia ya korosho
kama kuku wanaoatamia.

Mama alinipa jina hili hapahapa Kitangari.
Alikuwa akienda kisomo cha jioni na mimba yangu,
mawifi wakanong'ona uwani:
tumbo lile, anataka kumwandikia barua nani?
Hakusema kitu. Nilipozaliwa
akaniita kwa jibu alilowanyima.
Miaka arobaini na sita
nimebeba ukimya wa mtu mwingine.

"Shamba la nani?"
La mama. Na kabla yake la mama yake.
Huku kwetu Umakondeni ardhi hupita tumboni,
kila mtu anajua, hata mbuzi wanajua,
daftari tu ndilo halijui.
Daftari limeandikwa Dadi Nambunga,
aliyekuja kuoa kwetu na panga moja
na redio isiyo na betri.
Simsemi vibaya. Betri alinunua.
Salfa anapuliza yeye, siinyang'anyi kazi yake,
mwezi wa sita hurudi mweupe
kama aliyeanguka kwenye pipa la unga,
anakohoa hadi usiku.
Lakini kupalilia ni mimi.
Kuokota ni mimi, mgongo umekunjika tangu alfajiri,
bibo huku, korosho kule,
mikono inanuka utamu uliochacha
mpaka Januari.
Kuanika ni mimi, kukimbizana na mvua ni mimi.
Halafu hela inaingia benki kwa jina lake
nami naomba ya chumvi
kwa sauti ya mgeni.

Mwaka jana alinunua pikipiki.
Haikuwa mbaya, pikipiki. Ilinifikisha zahanati mara mbili.
Ila Hawetu alikaa nyumbani muhula mzima
kwa kukosa sare,
na nilipouliza, baba yake akasema: msimu ujao.
Msimu ni neno refu
kwa binti wa miaka kumi na minne.

Mwenyekiti akatoka na kikombe chake cha chai.
"Mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani."
Nyumbani wapi? Ile nyumba ni ya mama yangu
na haina mizani.
Mizani iko hapa.

Nikaburuta gunia la kwanza mwenyewe.
Aliyekuwa nyuma yangu akasema
mwanamke akishika hela huota pembe.
Sindano ikatetemeka, ikatulia kwenye sabini na nane.
Haikuuliza nimeolewa na nani.

Unyagoni nilifundishwa mengi, kwa ngoma na kwa fimbo.
Kujaza fomu hawakunifundisha.
Kusoma nilifundishwa na mama,
kwa mkaa, nyuma ya jiko,
basi nikainamia meza nikasoma alichoandika karani,
herufi kwa herufi, kama ninayechambua mchele.
Ameandika Siwajui.

Futa, nikasema.
Nawajua. Wote humu nawajua,
na nani kaokota yaliyomo kwenye magunia yenu
najua pia.
Safari hii hakucheka mtu.
Akafuta, karatasi ikatoboka,
akaandika upya pembeni mwa tundu.

Stakabadhi ninayo, kwenye pindo la kanga.
Dadi hajasema nami tangu juzi.
Anakula vizuri tu, ila hasemi.
Leo asubuhi ameuliza kutoka barazani,
uso ameuelekeza kwenye pikipiki:
mnada ni lini?

Nilikuwa napepeta.
Nikamaliza ungo mzima, nikapuliza makapi,
nikaokota punje iliyoangukia mguuni.

Ijumaa, nikamjibu.