Wenyeji wa Tumbo la Nguru

Kazi yangu ni kinyesi. Nasema wazi,
maana hata mama mkwe, alipokuja Kasese,
aliniuliza kwa sauti ya chini:
"Na hicho nacho kina shule?"

Kina, mama. Miaka mitatu.

Mto Nyamwamba ulipokwisha kuingia visimani
Kabugho aliwaleta mapacha wake.
Ndobya mgongoni, shingo imelegea,
macho yamezama
kama tundu la dole gumba kwenye obundu.
Nguru kwa miguu yake mwenyewe,
akitafuna muwa, akitema makapi kwenye sakafu yangu.

Kisima kimoja. Kikombe kimoja cha bati.
Kabla ya hapo ziwa moja, na kabla ya hapo
tumbo moja la mama.
"Sasa mbona huyu?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vikopo viwili
na kalamu ya kuandikia majina.

Usiku sahani hulala kwenye joto, zikichipua.
Asubuhi nilifunua ya Ndobya:
vitone vyeupe, vyeupe, vyeupe,
uso mmoja tu, kama uwanja wa kambi ya jeshi.
Ya Nguru ilikuwa soko.
Waridi, kijivu, manjano, wamebanana bega kwa bega,
na pembeni kabisa (nikavaa miwani)
vitone vyeupe vitatu.

Adui yuleyule. Alifika kwa Nguru pia,
akakuta mikeka yote imekaliwa.

Nikamuuliza Kabugho kuhusu dawa.
Wiki mbili nyuma sikio la Ndobya liliwaka moto;
akanunua vidonge dukani, vyekundu na vyeusi,
na vilipokwisha akaongezewa na jirani.
Sikio likapona. Lakini dawa, ikishuka,
haikuuliza nani mwizi, nani mwenye nyumba.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mle ndani methali imepinduka:
mwenyeji akiwa mzima, mgeni hulala na njaa.
Makombo yote yameliwa kabla hajapiga hodi,
ukuta umetiwa uchachu asioupenda,
na wapo, walitufundisha darasani,
wanaowanong'oneza askari wa mwili:
kaeni macho.
Hawana jina tunalowaitia nyumbani.
Hatujawahi kuwapa hata shikamoo.

Huenda pia Nguru alikunywa funda moja tu.
Mapacha hawahesabu mafunda.
Daktari Muhindo akinisikia nikikata kauli
kwa watoto wawili na sahani mbili,
atanirudisha shule, na mama mkwe atafurahi.

Ndobya alipewa maji ya chumvi na sukari,
kijiko, kijiko, usiku kucha,
kijiko kikigonga meno yake.
Siku ya nne aliomba obundu
akamnyang'anya pacha wake maharage.

Wiki iliyofuata nilimwita Kabugho dirishani.
Sahani mpya ya Ndobya: kati ya weupe uliopungua,
nukta ya waridi. Nyingine. Na nyingine.
"Wanarudi," nikasema.
"Akina nani?"
Nikakosa neno. Nikamsogezea.

Akaziba pua kwa leso, akainama,
akatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Wananuka," akasema.
"Haya. Na wakae."