Kijiti cha Mwitu

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwetu, Kidia.
Viti tuliazima kwa Mama Aikande.
Mvua ya vuli ilipiga bati hata mwinjilisti akapaza sauti
kama anayemwita mtu ng'ambo ya korongo:
Agano lilifungwa na Ibrahimu na uzao wake.
Sisi watu wa mlimani, tumo?

Tumo, akasema Mama Aikande, tena zamani.
Hesabuni majina: Kundaeli, Elinami, Aikaeli.
Kila nyumba hapa imemtia Mungu wa Waebrania
kwenye jina la mtoto kabla hajaota jino.
Watu wakacheka. Eliapenda hakucheka.
Jina si hati, alisema, akitazama chai yake.
Nilijua hasemi na mwinjilisti.

Mimi naitwa Mbonea. Halina Eli.
Nilifika kihamba hiki mgongoni mwa mama
kutoka Usangi, na kikohozi, na kanga moja,
na Ndekirwa, mgane, baba yake Eliapenda,
akasogeza gogo kando ya moto
tukakaa.

Mwinjilisti akafungua barua kwa Warumi,
habari za mzeituni: matawi yakakatwa,
tawi la mwitu likapachikwa pale pale penye jeraha.
Hapo nikainua kichwa. Kupandikiza ndiyo kazi yangu.
Miche mia nne ya parachichi msimu huu,
kisu kinachonyoa vinyweleo vya mkono,
utepe wa nailoni, na kuomba jua lisiwahi.

Nikasema: mwandishi amegeuza.
Sisi twaotesha kokwa la kienyeji, lile sugu,
kisha juu yake twafunga kijiti cha Hass.
Wa mwitu akae chini, abebe.
Chema kikae juu, kizae, kiende sokoni.
Fundi gani achukue kijiti cha mwitu
akifunge kwenye shina bora? Apate nini?
Vitunda vya kokwa tupu, riziki ya tumbili.

Mvua ikajibu badala yao.
Mwinjilisti akatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.
Ndipo mama, mlangoni pa jiko, sufuria mkononi:
Ndekirwa alifanya.
Hakuuliza apate nini.

Hakuna aliyeitikia amina.
Eliapenda akaweka kikombe chini, taratibu.
Na yale yaliyokatwa, akauliza,
yalitupwa wapi?

Mwinjilisti alisema yaweza kurudishwa,
shina ni lao tangu mwanzo,
na aliyepachikwa asijivune.
Lakini Eliapenda alikwisha chukua mwavuli.

Usiku mvua ilipopungua nilishuka mpakani
kati ya migomba yake na yangu.
Baba alipanda masale hapo, mstari mnyoofu,
mwaka aliotugawia.
Jani hilo hilo husema: usivuke.
Jani hilo hilo, likifungwa fundo,
husema: nisamehe, nimekuja.

Sijui nimemkosea nini.
Kuwepo tu, labda.
Kula ya mzizi usionizaa, miaka thelathini,
na kuita haki yangu.

Nilikata moja. Nikalifunga
kwa vidole vile vile vifungavyo utepe,
si kwa kukaza sana, utomvu upite.

Taa yake inawaka.
Nimesimama kwenye matone ya migomba
na jani mkononi,
sijabisha bado.