Mzizi Hausomeki

Tartu, Januari, mto umeganda
na Leelo hajala tangu saa sita.
Orodha inamhoji kama karani wa forodha:
mfumo huu wa mafaili, uingie?
N.
Huu wa santuri za data?
N.
Huu wa mashine zilizokufa kabla hujazaliwa?
N, N, N, anapogoa tu,
maana kompyuta ya stoo ya maktaba ni kongwe,
kumbukumbu yake finyu kuliko kibeti.

Akaufikia ule wa diski yenyewe,
unaoshika mzizi na matawi yote.
Hapa pana jibu la tatu: M,
yaani usikae ndani, ngoja nje, utaitwa ukihitajika.
Likampendeza. Nani hapendi mgeni asiyelala?
Akabonyeza.

Feni ikavuma dakika arobaini.
Akawasha upya. Herufi nyeupe zikashuka mbio,
zikakwama:
mzizi hausomeki.

Akacheka peke yake, cheko kavu.
Msomaji wa diski kamwacha ndani ya diski!
Kufuli limebana vizuri,
ufunguo uko mezani, ndani ya nyumba,
mwenye nyumba yuko nje kwenye theluji.

Rasmus wa zamu ya usiku akachungulia:
“Bado?”
“Bado. Kuna mmoja nilimwambia angoje mlangoni,
kumbe yeye ndiye mlango.”

Akarudi kwenye orodha. Y. Kaa ndani.
Halafu, kwa sababu asiyoweza kuieleza,
akapanda hadi kwenye zile mashine zilizokufa,
moja akaijibu ndiyo.