Mnanaa wa Mbarka

Redeyef. Bomba linakohoa, halitoi maji;
maji yako kiwandani, yanaosha fosfati.
Mbarka anaanua shuka, anaikung'uta,
vumbi la mlima linamrudia usoni.

Miaka thelathini Lamine alipakia mabehewa.
Treni ikashuka Sfax, tindikali ikafanya yake,
meli ikameza shehena, ikaenda kunenepesha
soya ya watu ng'ambo ya Atlantiki.
Yeye alirudi na meno ya kutu,
na pensheni.

Leo mnanaa umenyauka koponi.
Dukani kwa Lazhar anaulizia mbolea, kilo moja tu.
"Imepanda. Wamepanga huko."
Huko wapi?
Lazhar anaonyesha simu kwa kidevu.

Mbarka anarudi, anafagia kizingiti,
vumbi analitia kwenye kopo,
analinyunyizia maji ya kunawia,
anaketi mbele yake
kama mdai.