Una Hakika?

Kirusi kiliingia kwa flashi ya Shemdoe,
aliyoipeleka stesheneri, Barabara ya Nane,
kuchapisha barua ya kazi.
Hakikupiga hodi.
Asubuhi mafolda yote yamegeuka njia za mkato,
na hakuna iliyofika popote.

Sasa ni saa nne usiku, Makorora.
Mashine inahema kama mwenye pumu,
nami naokoa, kama watu nyumba ikiungua:
vyeti kwanza. Risiti za kiwanja cha Pongwe.
Mitihani ya darasa la sita, miaka mitatu.
Picha mia nne za harusi ya Mwantumu,
ambaye ameshaachika.
Nazo nazichukua.

Asilimia sitini na moja, umeme ukakatika.
Nikakaa gizani na diski kiganjani,
ina joto la yai lililotagwa sasa hivi.

Uliporudi nikaanza moja.
Ndani ya folda lililofichwa, sauti:
mama, anamwelekeza mtu mkate wa kumimina,
"mchele uulaze, tui liwe zito, hamira…
ngoja, nani huyo?"
Kandambili. Kitasa.
Kisha dakika nane za jiko lisilo na mtu,
sufuria, jogoo wa jirani,
na simu iliyosahauliwa juu ya kabati ikiendelea kusikiliza.
Sikuikata. Nimeinakili mara mbili.

Kila kitu kitafutwa. Una hakika?
Sina.
Nikabonyeza Ndiyo.

Alfajiri kioo kitupu, buluu, hakimjui mtu,
kinaniuliza jina la mwenye mashine.
Kabla sijaandika, mlango.
"Hodi." Shemdoe, flashi mkononi.
"Ukurasa mmoja tu."