Mgonjwa wa Saba

Barua imebandikwa ubaoni, karibu na dirisha la dawa:
Dkt. Leokadia Mtobesya, makala sitini na mbili,
amenukuliwa mara elfu nne mia moja na tisa,
fahirisi yake thelathini na moja.
Bwire wa getini akaniuliza fahirisi ndiyo nini.
Nikamwambia, nenda Kirumba, mwaloni,
muuza dagaa akupangie mafungu thelathini na moja,
pasiwe na fungu lenye samaki chini ya thelathini na mmoja.
"Basi hata shangazi yangu ni profesa," akasema,
akaenda kufungulia gari la maiti.

Mimi natunza mafaili kilimani hapa
tangu rejista zikiwa na majalada ya kijani.
Alinijia jioni, viatu mkononi,
mwaka ule ziwa lilipopanda,
akaomba wanawake wote waliojifungua, wakavuja damu,
na maziwa yasitoke.
"Wote?"
"Wote. Tangu themanini na tano."
Miezi kumi na minne tulichambua vumbi.
Yeye alileta karanga. Mimi nilileta mafaili yaliyoliwa na mchwa,
naye akayasoma hata matundu:
hapa palikuwa na presha, hapa tarehe.

Alinichorea juu ya bahasha:
nyuma ya pua, chini ya ubongo, juu ya tandiko la mfupa,
imekaa tezi kama punje ya kunde.
Ikinyauka, mwili unakosa wa kuuamrisha,
baridi huingia saa sita mchana,
nywele za kwapa hupukutika,
na mume huambiwa mkewe amerogwa.
Ikivimba, hubana mishipa ya macho,
mtu akaona mbele tu,
asiione baiskeli mpaka imemgonga.

Au vidole vinakua ukubwani.
Lushinge, mchimba dhahabu wa Nyarugusu,
pete yake ya ndoa ilikatwa kwa msumeno;
akaiokota vipande viwili, akaviuza kwa uzito.
Huyo yumo kwenye makala ya tisa. Picha ya mkono tu.

Katika ile makala kubwa, jedwali la pili,
wamo kumi na tisa, hawana majina.
Ndivyo sheria, na sheria ni nzuri.
Lakini aliyefuta majina kwa rula na wino ni mimi,
na wino ule haukufika kichwani mwangu.

Mgonjwa wa 7 ni Nyanzala wa kisiwani Kome.
Miaka kumi na mmoja kwao walimwita mvivu.
Wiki tatu za vidonge, akaamka akapalilia
shamba lake na nusu ya shamba la jirani.
Alirudi na kikapu cha matobolwa,
akauliza daktari ana watoto wangapi wa kulisha.
Hajavuka Sengerema zaidi ya safari zile za kuja kwetu,
ila amenukuliwa Ankara, amenukuliwa Lima,
umri miaka 38, uzazi wa tano, damu lita mbili.

Mgonjwa wa 12 alikosa nauli ya kwenda kupigwa picha ya kichwa.
Jedwali linasema: *hakufuatiliwa*.

Jana nilimpa daktari hongera.
Alikuwa amebeba chai kwenye kikombe cha plastiki.
Akaniuliza, "Katika hao elfu nne,
unadhani wangapi walifika jedwali la pili?"
Sikujua. Najua kuchomoa faili.
Akaomba la 12, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
chai ikapoa.

Ndipo nikamwambia la Igombe:
kwamba nilikwenda, Jumamosi moja, kwa nauli yangu,
kwamba kaburi limezungushiwa mawe
na mtoto yule, wa damu ile, sasa anafunga shule.
Hakusema pole, hakusema kwa nini ulinyamaza.
Nje wadudu wa ziwani walikuwa wamefunika taa.
Alitoa penseli,
akakata neno moja,
akaniuliza ilikuwa tarehe ngapi.