Elfu Sita na Mia Tatu Sabini

Mama Ngalula hakuuliza bei.
Aliondoa turubai, akapangusa kioo kwa ncha ya kitenge,
akachomeka waya, akangoja.
Mashine ikakohoa. Taa tatu tu kati ya arobaini.
Kisha namba zikawaka, rangi ya chungwa,
846,370,
zikazima, zikarudi.
"Huyo ni Kazadi," akasema,
kama anayemtambulisha mtu sebuleni.

Flipa hii aliiacha Mgiriki mmoja alipofunga baa yake karibu na reli.
Kazadi aliinunua kwa magunia mawili ya unga
na saa yake ya mkononi.
Sarafu zilipokwisha mjini, alichonga zake za shaba
huko karakana ya treni, kumi na mbili. Zimebaki tisa.
Ubavuni, kushoto, mbao imelainika
pale alipokuwa akiisukuma kidogo, kwa adabu,
isije ikakasirika ikajizima.

Nikafungua mgongo.
Betri ilikuwa imelia.
Machozi ya kijani yameteremka juu ya bodi,
yamekula njia moja, ya pili, ya saba,
yameingia chini ya soketi kama mchwa chini ya mkeka.
Nilikuwa na bodi nyingine, ya mashine iliyoungua Likasi,
safi, inaingia mguu kwa mguu. Kazi ya nusu saa.
Nikamwambia hivyo.
"Na namba?"
Namba inakaa humu, mama. Inakula betri hii hii inayoiua.
Nikikata, nimekata.
"Usimufute," akasema,
akaenda kupanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Chansa, kijana wangu wa kazi, akaiandika kwa kalamu ya risasi
ndani ya mlango wa mbao, na tarehe.
Kisha nikakata.
Hakuna kilicholia.

Siki kwanza: inatoa povu, inanuka kachumbari.
Mswaki mkuukuu. Maji. Jua la Katuba,
lile la Agosti, lenye vumbi jekundu ndani yake.
Umeme ulikatika mara tatu; chuma cha kulehemu
tulikipashia moto kwenye mbabula, kando ya sufuria ya maharagwe.
Njia zilizoliwa nikazifuma upya kwa waya wa simu, uzi mmoja mmoja.
Ile bodi ya Likasi ilikuwa mezani muda wote, inanitazama.
Sijui kwa nini sikuiweka.

Nikamwambia Chansa: huenda shaba hii ilitoka hapa,
chini ya dohani ile, ikapanda meli,
ikarudi imelazwa juu ya ubao kama njia za panya.
Hakuona ajabu.
"Kila kitu kinarudi," akasema, "kikiwa ghali."

Jumamosi ikawaka. Taa zote, ila moja.
Ndani ya mlango kuna kitufe: ukikibonyeza, rekodi inapanda,
lakini inaruka elfu kumi, elfu kumi.
820,000. 830,000. 840,000.
Baada ya hapo ni 850,000, na hiyo ingekuwa uongo.
Nikaondoa kidole.
Mashine haiwezi zaidi ya hapa, mama.
Akatazama kwa muda mrefu.
"Elfu sita na mia tatu sabini," akasema.
"Hizo nitazishika mimi."
Akanilipa noti zilizokunjwa ndani ya karatasi ya sukari.

Mwezi haujaisha. Jana usiku Chansa alicheza,
ulimi nje, mabega juu,
mpira mmoja ukakataa kabisa kufa:
843,910.
Mashine ikagonga ubao wake, tak! mchezo wa bure,
namba ikawa yake, vijana wakampiga piga kichwani.
Mama Ngalula alikuwa kwenye friji, mgongo kwetu.
"Bado," akasema, hakugeuka.

Chansa akafungua mlango wa mbao,
akasoma mwandiko wake mwenyewe,
midomo ikihesabu.
Mchezo wa bure akampa mwingine.
Akanyoosha mkono kaunta,
akaomba kipande cha shaba.